Nyota: Tanga tunanong'ona, Chennai wanaweka mezani

Nina miaka sita hapa Chennai, kusini mwa India kwa Watamil, nilikuja kusoma nikapata kazi nikabaki, na katika mambo yote ya huku lililonikaa moyoni ni hii habari ya jathagam. Jathagam ndo karatasi ya nyota ya mtu, inaandikwa kwa siku, saa na mahali ulipozaliwa. Mama yangu mimi ukimuuliza saa anakwambia ilikuwa adhana ya alfajiri na mvua inanyesha, basi, huku wanataka mpaka dakika. Siku moja Amma, mama mwenye nyumba wangu, alifungua kabati akanitolea ya binti yake, mraba wenye vyumba 12 vimezunguka ukingoni katikati pako wazi, pembe zote nne zimepakwa manjano, kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya nyumba. Hapo nikaelewa uzito wake.

Posa ikija, kabla watoto hata hawajaonana, karatasi mbili zinapelekwa kwa mnajimu anazilinganisha. Anaangalia mambo 10, wanayaita porutham, kwa kufuata nyota 27 ambazo mwezi unazipitia, na kuna moja inaitwa rajju, hiyo ikikataa wengi hawaendelei maana wanaamini inagusa uhai wa mume.

Sasa najua mtasema ushirikina. Jamani, sisi hatufanyi? Kwetu pwani mshenga akishaaga tu kuna mtu anatumwa kwa mwalimu wa falaki na majina ya watoto na ya mama zao, yanapigiwa hesabu ya abjadi, kila herufi na namba yake, huyu anatoka moto yule maji. Mimi yamenikuta. Posa yangu ilifika mpaka barua ikajibiwa, halafu kimya, simu hazipokelewi, mshenga akiniona anavuka barabara, nimekuja kusikia baada ya mwaka mzima kwamba eti nyota zetu zinagombana. Mwaka mzima najiuliza nimekosa nini, na majirani nao wanajaza ya kwao. Huku wangerudisha karatasi wakasema haikupatana, yakaisha, na mama yangu asingepita mtaani kainamisha kichwa. Hapo Watamil wametuzidi, nasema wazi kabisa.

Ila kuna chevvai dosham, na hapo mi siko nao. Chevvai ni sayari ya Mirihi, dosham ni kasoro, ikikaa nyumba ya 2, 4, 7, 8 au 12 kwenye ile karatasi wanasema ndoa itaandamwa na mikosi, na wavulana wanayo vilevile lakini sijaona mvulana akilizwa nayo kama wasichana. Binti wa Amma ni mhasibu, mpole, mchapakazi, na posa tatu zimeishia njiani kwa sababu hiyo tu. Wamempeleka mpaka Vaitheeswaran Koil kwenye hekalu wanakomuomba Mirihi, wamerudi, sasa wanatafuta kijana mwenye dosham kama yake kwa sababu wanasema zikikutana mbili zinafutana. Na sio kwamba Watamil wote wanakubali, Periyar, mwanaharakati wao aliyepinga ukuhani na matabaka, alihubiri miaka mingi ndoa za kujiheshimu, bila kuhani wala kuuliza nyota, na serikali ya jimbo ya Annadurai, mfuasi wake wa zamani, iliyoingia 1967 ikazipa nguvu ya sheria, watu wanavishana maua au pete mbele ya ndugu na jamaa na ndoa imetimia. Njia ipo. Amma anaijua, anasema ni nzuri kwa watoto wa wenzake.

Juzi usiku umeme ulikatika tukapanda juu ya paa mimi na yule binti, joto kali, akaniuliza, akka, mimi kwenu Tanga si ningeshaolewa zamani? Akka ndo dada. Nilitaka nimwambie ndiyo, neno likanifika mdomoni, nikaikumbuka ile barua yangu iliyojibiwa, nikamshika mkono tu tukakaa mpaka taa zikarudi.