Bolti Ipi Tena, Jamani?

Mimi ni mpiga picha wa hapa hapa Mtwara mjini. Harusi, unyago, mahafali, na pasipoti saizi ukija na shati lenye kola. Kama huna, koti la kuazima lipo, ila kwapa limechanika, kwa hiyo usinyanyue mkono. Nilikuwa nakula ming'oko yangu kwa amani mpaka mpwa wangu aliyeko chuoni Dar aliponiandikia: "Mjomba, kuna shindano la picha mtandaoni. Mada ya wiki ni bolt. Zawadi ni lenzi."

Lenzi! Ya kwangu imeota ukungu ndani kwa huu unyevu wa bahari, na maharusi wote wanatoka kama waliooana ahera.

Nikamjibu kwamba kwa fundi baiskeli bolti zimejaa kopo zima, asubuhi ataipata picha yake. Akasema, "Taratibu Mjomba, bolti kila mtu atapiga. Fungua kamusi kwanza."

Nikafungua. Jamani, Waingereza wabahili! Sisi mlango tumeupa komeo, kitambaa tumekipa jora, mbinguni tumeweka radi, kwenye upinde tukaweka mshale. Mbuzi akikurupuka katimua mbio, mtu akila bila kutafuna anabugia, unga tunachekecha, na mchicha ukishatoa maua basi, wape kuku. Wenzetu hayo yote ni bolt. Mpwa wangu anasema hata bajaji huko Dar unaweza kuita Bolt kwa simu. Na Jamaica yuko mwanadamu mzima aliyerithi jina hilo, akaona asiliaibishe, akaenda Berlin mwaka 2009 akamaliza mita 100 kwa sekunde 9.58.

Nikaanza na komeo. Mikindani ipo milango ya kale ya kuchonga, nikapanda daladala mpaka huko, nikabisha hodi kwa bibi mmoja.

"Shikamoo bibi. Naomba kupiga picha komeo lako."

"Marahaba. Lipi, la nje au la ndani?"

"La ndani, bibi, ndilo la kizamani."

Akanitazama kwa utulivu. "Kwa hiyo mjukuu wangu, nikufungulie, uingie ndani, upige picha namna ninavyojifungia usiku?"

Alivyolipanga vile, hata mimi nilianza kujishuku. Nikaaga.

Jora sikulifikisha mbali. Nimeinua kamera tu, mwenye duka akauliza kama nimetumwa na watu wa kodi.

Nikahamia kwenye mbio. Mbuzi wa jirani nikamtisha kwa ndoo, akachomoka, nikabonyeza. Kumbe shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, nimeiacha kwenye moja ya sitini ya sekunde. Ndani ya muda huo, kiumbe anayekwenda kasi ya yule Mjamaika husogea kama sentimita 17, na huyu mbuzi alikuwa na sababu zake za kutocheleweshwa. Ametoka moshi wenye pembe. Ukitaka kumgandisha pandisha shata mpaka moja ya elfu, lakini kwa ukungu wa lenzi yangu hapo utahitaji majua mawili.

Ikabaki radi. Bahati nzuri ulikuwa msimu wa mvua, radi hazina bei. Tatizo radi haiviziwi kwa kidole. Inamulika na kuondoka kabla kidole hakijapata taarifa. Dawa yake ni kusubiri giza, unafungua shata sekunde 30, unakaa mbali nayo, radi inakuja kujichora yenyewe. Sharti kamera isitikisike hata chembe, kwa hiyo inakaa kwenye stendi. Na stendi huishika kamera kwa kitu gani?

Bolti. Ambayo yangu ilibaki mchangani Msimbati kwenye harusi ya watu.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. "Naomba bolti ya kamera."

"Ya kumi au ya kumi na tatu?"

Huku bolti tunaiita kwa namba ya spana yake. Akanipa ya kumi, ambayo unene wake ni milimita 6. Ikaingia raundi moja na nusu, ikakwama, na kamera ikawa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe tundu la kamera ni la robo inchi, milimita 6.35, meno 20 kwa kila inchi. Dunia imehamia kwenye milimita, kamera zimebaki kwenye inchi! Nikaulizia ya inchi. Muuzaji akacheka, akaita na mwenzake aje acheke. Yaani wiki nzima bolt zinaniandama, ninayoihitaji ndiyo haipo.

Usiku mawingu yakajipanga baharini. Nikapindua kinu dirishani, nikaifunga kamera juu yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kikatulia kuliko stendi yoyote. Radi ikapiga, nikahesabu mpaka sita ndipo ngurumo ikafika, yaani kilomita mbili hivi. Ya kwanza ilinikuta nafunga mpira. Nikafungua shata, nikarudi nyuma, nikasubiri.

Huko nyuma Mama Salama anazunguka nyumba nzima anafunika vioo kwa kanga, maana radi na kioo haviivi chungu kimoja. Kafunika cha kabatini, kafunika cha ukutani. Sekunde ya ishirini hivi, mbingu ikapasuka nyeupe toka Msangamkuu mpaka sijui wapi, radi ya kunipa lenzi tatu. Nageuka kushangilia, naona kanga iko juu ya kamera.

"Na hiyo lenzi si kioo?" akauliza.

Picha imetoka wekundu mtupu na maua ya kanga, yameng'aa kwa nyuma.

"Tuma hiyo hiyo," akasema. "Sema ni jora."

Nikatuma. Mpwa wangu akajibu asubuhi: "Nzuri Mjomba, ila walifunga juzi. Mada mpya ni spring."

Nikafungua kamusi. Chemchemi, kuruka, msimu ambao huku hatuna, na springi. Nikainua macho taratibu kuelekea chumbani.

"Godoro langu huligusi," akasema Mama Salama.