Kumchapa mbwa hakumfanyi azoee paka

Kuna video imezunguka kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu tangu wikendi. Mbwa wa kahawia, mwembamba, wa kuokotwa, amefungwa kwenye nguzo ya kuanikia nguo na mtu anamchapa na mpira wa maji. Kosa lake ni kwamba amemkimbiza paka wa hapo nyumbani hadi juu ya tangi. Na paka mwenyewe yuko hapo hapo, kuna mtu mwingine amemshika shingoni na kumsogeza mbele ya pua ya mbwa, eti mbwa aone ni nini anachapiwa. Chini ya video ni makofi na vicheko, na mmoja ameandika "hawa wetu wanaelewa kiboko tu". Nikaandika kwamba huyo mbwa anaharibiwa, nikaambiwa nipeleke mambo ya Karen, mtaa wa matajiri, huko huko Karen.

Sikai Karen. Nakaa Kasarani, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya kwanza, na nina paka wawili, Shosho na Kadogo, pamoja na mbwa anaitwa Chapo ambaye alikuwa anazurura kwenye mjengo mmoja akila masazo ya mafundi, na jengo lilipoisha mafundi wakaenda yeye akabaki. Alipofika kwangu aliwaona paka na akataka kuwala, sisemi kwa kutia chumvi. Leo wanapitana kwenye korido kila mmoja na shughuli zake. Kwa hivyo nikisema kiboko si njia naongea kama mtu wa Nairobi, analipa kodi ya nyumba na tokeni za stima kama wewe.

Hebu fikiria pale kwenye nguzo mbwa amefunzwa nini. Wewe unadhani anawaza "nimekosa, nilikimbiza paka saa nne asubuhi, sitarudia". Mbwa hawazi hivyo. Ubongo wake unaunganisha vitu vinavyotokea pamoja, basi. Harufu ya paka imeingia puani na maumivu yameingia mgongoni kwa wakati mmoja. Yule Mrusi, Ivan Pavlov, aliyepata Nobel mwaka wa 1904 kwa utafiti wa jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, aliona mbwa wake wanatoa mate kabla ya chakula kufika, kwa sababu kitu fulani kilikuwa kimetangulia chakula mara nyingi. Mbwa hachagui kuunganisha, inatokea tu. Sasa ukitanguliza paka halafu ulete mpira wa maji, unategemea aunganishe paka na nini? Na upendo? Umemfunza kwamba paka ndiye chanzo cha mateso, na siku utakayokuwa kazini na paka apite karibu, atamalizana na hicho chanzo.

Tena kuna jambo baya zaidi ambalo watu hawalioni. Mbwa anaponguruma anakuambia hali yake. Akikaza mwili, akifunga mdomo uliokuwa wazi, akaacha kupepesa macho, masikio yote mawili yameelekea mbele, mkia umepanda na kukakamaa, hapo bado una sekunde kadhaa za kufanya kitu. Ukimchapa kwa sababu amenguruma, anachojifunza ni kutonguruma. Ile hasira au ile hamu ya kukimbiza iko pale pale, ila umeng'oa kengele yake. Halafu watu wanakuja kusema "aliuma ghafla tu, hakuonyesha dalili". Dalili mlizichapa zikaisha! Hili linaniuma kwa sababu mwisho wake ni paka kufa na mbwa kuuawa kwa sumu au kutupwa na boda huko kando ya msitu, na aliyeanza kumharibu anabaki akisema mbwa wa kuokota hawafai.

Nakubali, na sipendi kukubali, kwamba kiboko kinaonekana kufanya kazi. Mbwa aliyechapwa akiona paka wewe ukiwepo ataangalia kando, atakunja mkia, ataenda kulala chini ya ngazi. Anafanya hivyo kwa sababu ya mkono wako, sasa wewe ukienda Gikomba kutafuta riziki mkono umeenda na wewe.

Na mbwa wengi wanaokimbiza paka hawana hata chuki. Kuwinda kwa mbwa kuna hatua zake: kuona, kukazia macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua. Kitu kidogo chenye manyoya kikichomoka mbio, ile hatua ya kukimbiza inawaka yenyewe, na kukimbiza kwenyewe ni raha, hata asipokamata chochote amelipwa. Ndiyo maana kila mara anapofanikiwa kumkimbiza paka tabia inazidi kukomaa. Mbwa aliyelelewa na mtaa ana la ziada, kwa sababu pale nyuma ya bucha au kwenye jalala paka alikuwa mshindani wake wa chakula. Halafu kuna yule ambaye anamwogopa paka tu, labda aliwahi kukwaruzwa pua, anabweka huku akirudi nyuma. Huyo na mwindaji hawafanani hata kidogo, na kama hujakaa ukamtazama ujue ni yupi, hujui unatibu nini.

Basi kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna mbio zozote zinazotokea. Paka wapewe chumba chao, na sanduku lao la mchanga, maji, chakula, mlango ufungwe. Mbwa akae upande wake azoee nyumba, ajue analalia wapi, anakula saa ngapi, nani anaishi hapa. Watu wanataka siku ya kwanza waonane wazoeane, kwani kuna basi linawaacha? Mbwa aliyetoka barabarani wiki za kwanza hata hajakuonyesha tabia zake kamili, bado anashangaa mbona chakula kinakuja kila siku. Wakati huo harufu inafanya kazi kuliko macho. Nilichukua tambara alilolalia Shosho nikaliweka karibu na bakuli la Chapo, na gunia la Chapo likaingia kwa chumba cha paka. Siku za mwanzo Kadogo alilifokea lile gunia kama mtu, baadaye nikamkuta amelala juu yake. Chakula tulikuwa tunaweka pande mbili za mlango uliofungwa, kwanza mbali, halafu bakuli zinasogezwa kidogo kidogo, na kama kuna mtu ameacha kula bakuli linarudi nyuma.

Baada ya hapo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries akanitengenezea grili ya kuweka kwenye mlango wa chumba, nondo zikae karibu karibu kichwa cha mbwa kisipite, na juu kabisa anibakishie uwazi ambao paka anaruka akitaka kutoka kwa hiari yake. Ni grili kama zile za dirisha, imezuia maafa kuliko kifaa chochote ambacho ningenunua.

Sasa sikiliza sehemu yenyewe, kwa sababu hii ndiyo ambayo mtu wa kiboko hataki kufanya kwa kuwa inataka uvumilivu. Jioni Chapo ametembezwa na amechoka kiasi, amefungwa kamba, mimi nina maini yaliyochemshwa nimeyakatakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Tunakaa mwisho wa korido, mbali na grili. Shosho anatokea upande wa pili. Chapo akimtazama tu, kabla hajakaza mwili, nasema "vizuri" na ini linaingia mdomoni. Anatazama tena, ini. Shosho akiondoka, maini yanaisha, hata Chapo aninyenyekee vipi. Ona mpangilio: paka akija raha inakuja, paka akienda raha inaenda. Ni ule ule muungano wa kwenye video, ila umegeuzwa. Mwanzoni alikuwa anatazama paka na kusahau kama mimi nipo, kamba imevutika na miguu ya mbele haigusi sakafu vizuri, hiyo maana yake tuko karibu mno, nikarudi nyuma naye hadi aliposikia jina lake. Hakuna kumvuta kwa nguvu wala kumpigia kelele, ni kuongeza umbali. Halafu ikafika jioni moja Shosho akaketi pale kwenye grili akijilamba mguu, Chapo akamwona, masikio yakasimama, na kabla sijasema kitu akageuza kichwa mwenyewe akaniangalia mimi. Mkia chini, unacheza polepole, mdomo wazi. Nilimwaga maini yote. Mbwa anayemwona paka halafu akakugeukia wewe amechagua, na hakuna mpira wa maji umewahi kufundisha mbwa kuchagua.

Pembeni ya hayo fundisha neno moja la kuacha. Sisi ni "achana", lilianza na kipande cha mkate kwenye ngumi iliyofungwa, likaenda kwa kiatu, kwa kuku wa jirani, na mwisho kabisa kwa paka. Kuanza na paka ni kumpa mtoto wa nasari mtihani wa KCSE.

Na tafadhali msimsahau paka, kwa sababu maongezi yote huwa ni mbwa mbwa mbwa. Paka akihisi hana usalama anaacha kula, na paka asiyekula kwa siku 2 au 3 ini lake linaweza kuanza kujaa mafuta, anakufa kwa stresi wakati mbwa hajamgusa. Dume anaweza kuziba mkojo, anaenda kwa mchanga mara nyingi na hakuna kinachotoka, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, usingoje asubuhi. Mpe paka njia za juu. Mimi nimepigilia mbao ukutani kutoka juu ya friji hadi juu ya kabati, anaweza kuvuka sebule nzima bila kukanyaga chini, na tangu apate hizo mbao ameacha kukimbia, na paka asiyekimbia hamwashi mbwa. Kumshika paka na kumpeleka kwa mbwa kwa mkono ni ukatili kwa wote wawili, na hata wewe utakwaruzwa.

Wale wanaosema waache wapigane wajuane: meno ya mbwa yanaacha tundu dogo kwa ngozi ya paka na chini yake nyama imesagika, kwa hivyo hata ukiona tone moja la damu unaenda kwa daktari wa mifugo. Wanaosema mhasi tu ataacha: mhasi, ni vizuri, lakini hamu ya kukimbiza haikai kwenye korodani. Na wanaofunga mnyororo kutwa nzima wanapika sufuria lenye mfuniko, mbwa anamwona paka akipita huru siku nzima na hamfikii, halafu mnyororo ukikatika mnashangaa.

Kuhusu sheria, kuchapa mnyama kikatili ni kosa hapa Kenya, iko kwenye Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na watu wanajirekodi wenyewe wakifanya.

Najua kuna wenye bedsita watasema wewe una vyumba viwili, sisi tufanye nini. Ni ukweli, chumba kimoja ni kigumu sana, na kama ndio hali yako na una paka tayari, naona bora usimlete mbwa mkubwa mwenye historia ya kukimbiza, hata kama roho inakuuma. Unaweza kumsaidia kwa njia nyingine, mlishe pale alipo, changa pesa ya chanjo, mtafutie mtu mwenye kiwanja huko Rongai au Kitengela asiye na paka.

Na kuna mbwa ambao hawatawahi kuwa salama na paka, nalisema bila furaha. Mbwa ambaye tayari ameua paka, au ambaye baada ya miezi ya kazi ya kweli bado anakaza macho kimya na kutetemeka paka akiwa mbali, huyo muishi naye kwa milango miwili kati yao maisha yake yote au mtafutie nyumba isiyo na paka. Huko si kushindwa. Hata Chapo na upole wake wote sijawahi kuwaacha pamoja nikitoka, nikitoka grili inafungwa, na itaendelea kufungwa.

Kama unaenda kuchukua mbwa, iwe ni KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1910, au ni kwa mtu binafsi anayeokoa wanyama kwa ploti yake, uliza kabla roho haijaanguka: huyu amewahi kuishi na paka? Akimwona paka anafanyaje? Omba uone, mbwa akiwa kwa kamba na paka akiwa mbali, na utazame mwili wake badala ya kusikiliza hadithi. Na uitishe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa uisome tarehe mwenyewe, halafu uhesabu paka wako nao wanadungwa lini.