Mheshimiwa Alikikuta Kiti Tayari

Uchaguzi ukikaribia, mjadala wa siasa kanisani hurudi na maneno yake yale yale. Wanasiasa watoke madhabahuni. Wachungaji waache bahasha. Nyumba ya Mungu isichafuliwe. Naitikia amina kwa yote matatu, ila nimeanza kuyachoka, kwa sababu yanamchora mwanasiasa kama mwizi aliyeruka ua usiku wa manane. Hakuruka ua. Aliingia kwa mlango mkubwa, akapokelewa na wahudumu waliovaa sare, akaonyeshwa pa kuketi. Kiti hakuja nacho.

Natumika na vijana na wachungaji wa makanisa madogo ya mabati huku Bonde la Ufa, Kenya, kwa hiyo haya nayasema nikiwa ndani ya nyumba.

Kwa asiyejua jinsi Jumapili ya mheshimiwa inavyopangwa: simu huingia Ijumaa jioni, mara nyingine Jumamosi usiku. Anayepiga ni msaidizi. "Mchungaji, mheshimiwa angependa kuabudu nanyi." Kuanzia hapo ibada si yenu tena. Kochi hutolewa sebuleni kwa mzee wa kanisa, likabebwa kwa mkokoteni hadi mbele. Meza hutandikwa kitambaa cheupe, ikawekwa maua ya plastiki na maji ya chupa, maji ambayo mhubiri wenu hajawahi kuwekewa hata siku moja. Watoto wa shule ya Jumapili hupelekwa chini ya mti ili benchi zao zikaliwe na msafara. Mahubiri yaliyoandaliwa wiki nzima hukatwa yakawa salamu, maana mgeni ana makanisa mengine ya kupitia. Kisha mgeni anachelewa, na kwaya inaimba kila wimbo inaoujua, ukiwemo wa Krismasi.

Akifika, maikrofoni inaanza safari. Mchungaji anamwita mwakilishi wadi. Mwakilishi wadi anasema "Bwana asifiwe" mara tatu, anasalimia kwa niaba ya familia yake, anamwita mwenzake. Mwenzake anamwita mwingine, itifaki ikizingatiwa, mpaka mbunge anasimama na kusema kwamba leo hakuja kufanya siasa. Halafu anafanya siasa. Mwisho anatoa bahasha, anataja kiasi, anamtaja na aliyemtuma, na makofi yanayopigwa hapo Neno halijawahi kuyapata.

Bahasha hiyo ikifika chumba cha kuhesabia sadaka, mara nyingi kilichotangazwa na kilichomo si ndugu. Mweka hazina, ambaye kwenye makanisa mengi ninayoyajua ni mama mwalimu au mama wa duka, anabaki na kitabu cha risiti mkononi. Aandike kilichosemwa mbele ya watu au kilicho mezani? Akiandika cha mezani, washirika watauliza kilichobaki kimekwenda wapi, na jina litakaloharibika ni lake. Nje nako kuna vijana wamezuia gari langoni wakidai chao. Wengi wao hawakuingia ibadani.

Hasara kubwa lakini huja baadaye, wiki zinazofuata. Kuna kanisa lililokuwa likijijengea polepole: kila kikundi cha maombi kilikuwa na fungu lake, kina mama simenti, wazee mawe, vijana mchanga na jasho. Akaja mkubwa, akaahidi paa zima. Watu walifurahi, na ni haki yao kufurahi. Jumapili iliyofuata kapu la ujenzi likawa jepesi. Lililofuata likawa jepesi zaidi. Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: mheshimiwa si amemaliza? Paa lilikuja nusu, nusu ya pili ikawa ya "nikirudi bungeni". Kanisa likapoteza mabati na desturi ya kutoa kwa pamoja, na kati ya hivyo viwili mabati ndiyo rahisi kuyapata tena. Hakuna aliyeiba hapo. Kila mtu alifanya lililoonekana la busara.

Ndiyo maana yaliyotokea Kayole, Nairobi, mwaka 2024 yalinigusa kuliko hotuba nyingi. Novemba 17 Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, akatoa shilingi milioni 2.6, nyingine za nyumba ya padri na nyingine za kwaya. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba fedha hizo zirudishwe. Siku chache nyuma maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikemea serikali hadharani kwa kusema uongo, na huwezi kumkemea mtu asubuhi kisha jioni ukampelekea risiti. Kumbuka pia kwamba Rais mwenyewe, Julai 5 mwaka huo, baada ya vijana kuingia Bungeni na Mswada wa Fedha kuanguka, alikuwa ametangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee, ile michango ya hadhara. Tangazo hilo halikufika Krismasi.

Niliposoma taarifa ya Anyolo nilimkumbuka Abramu kwenye Mwanzo 14, anakataa mali ya mfalme wa Sodoma, hata uzi, hata gidamu ya kiatu, asije mfalme akasema kwamba ni yeye aliyemtajirisha. Abramu hakusema mali ni chafu. Alikuwa anawaza mfalme atakavyojisifu kesho yake. Sisi wahubiri wa Agano la Kale la mafanikio tunampenda sana Abramu wa ng'ombe, dhahabu na ngamia. Huyu wa gidamu tunampita mbio.

Machi 2025 kanisa moja la Roysambu lilipoahidiwa na Rais shilingi milioni 20, vijana wa Nairobi walijaribu kwenda huko Jumapili iliyofuata na wakakutana na vitoa machozi. Wachungaji wenzangu wengi waliwalaani vijana wale kwamba hawaheshimu madhabahu. Mimi niliona watoto wetu wa darasa la kipaimara na wa kambi za Aprili, watu tuliowafundisha wenyewe kwamba Yesu alipindua meza. Walisikiliza. Kulalamika leo kwamba walisikiliza kupita kiasi ni kichekesho.

Sasa nirudi kwenye kiti, kwa maana ndipo ninapotofautiana hata na watu ninaowakubali. Septemba 2021, kwenye kuwekwa wakfu kwa Askofu Rose Okeno wa Butere, Askofu Mkuu wa Waanglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubu. Ilikuwa hatua njema, na Wapresbiteri na Wakatoliki wakatoa misimamo inayofanana nayo. Lakini maikrofoni ni kitu cha mwisho. Ukimnyima mtu maikrofoni na ukamwachia kochi la mbele, maji ya chupa, na dakika tano za kumtambulisha kwa vyeo vyake vyote, ameshapata hotuba yake. Watu wamemwona alipoketi.

Na kochi lile hatukulinunua kwa ajili yake. Tulilinunua kwa ajili yetu. Nazungumza hasa na sisi wa upande wa Kipentekoste na makanisa huru. Kabla mbunge hajafikiria kuja, tulikuwa na kiti cha enzi cha mtumishi, chekundu, kimenakshiwa dhahabu. Tulikuwa na kijana wa kubeba Biblia, mwingine wa kubeba kitambaa cha jasho. Tulikuwa na siku ya kuzaliwa ya Baba, na ya Mama, na kila kikundi kinapangiwa kiasi cha kuleta. Mstari wa kwanza ulikuwa wa wanaotoa vizuri, na shemasi alijua bila kuambiwa ni nani wa kuondolewa hapo. Tulifundisha kwamba mpakwa mafuta haulizwi maswali. Mwanasiasa alipoingia aliona lugha anayoijua inazungumzwa kwa ufasaha kuliko bungeni. Angewezaje kujihisi mgeni?

Yakobo aliliandika hili zamani, sura ya pili. Anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu, anaingia na maskini mwenye nguo mbovu. Mmoja anaambiwa aketi mahali pazuri, mwingine asimame kule au aketi miguuni. Ndani ya mfano huo Yakobo hasemi neno la kumlaumu mwenye pete. Huenda alikuja kuomba tu. Anayekemewa ni aliyekuwa akiwapangia watu viti.

Nikisema hivi huulizwa kama basi kanisa linyamaze kuhusu siasa. Hapana, na historia ya nchi hii hainiruhusu. Askofu David Gitari wa Kianglikana alihubiri dhidi ya kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya wagombea iliyotumika 1988, na mwaka 1989 majambazi wakavamia nyumba yake Kirinyaga usiku, yeye akaponea juu ya paa. Mchungaji Timothy Njoya wa Kipresbiteri, kwenye mahubiri ya mwaka mpya wa 1990, alilinganisha utawala wa chama kimoja na zile tawala zilizokuwa zikibomoka Ulaya Mashariki. Agosti mwaka huo Askofu Alexander Muge wa Eldoret alienda Busia baada ya waziri Peter Okondo kumwonya yeye na askofu mwenzake Henry Okullu kwamba wakikanyaga huko huenda wasirudi hai. Muge alikufa njiani akirudi, gari lake likigongana na lori.

Wanaume hao walizungumza siasa kila walipofungua mdomo. Wakati huo huo habari za Jumapili jioni zilianza na Rais Moi kanisani, akiimba, akisalimia wachungaji. Kanisa moja na siasa mbili, ukipenda. Kwa hiyo swali kama kanisa liingie kwenye siasa mimi huliona la kupoteza muda. Limo. La maana ni kama lina deni kwa yule linayepaswa kumwambia ukweli.

Ila tusijitengenezee watakatifu kirahisi, wala tusidhani bahasha ndiyo dhambi pekee. Mwaka 2007 wapo wachungaji waliotabiri mshindi kwa kufuata mpaka wa kabila lao bila kuhongwa hata senti. Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, liliteketezwa na kina mama na watoto wakiwa ndani. Baraza la Makanisa, NCCK, baadaye lilikiri waziwazi kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande. Na 2010 viongozi wengi wa Kikristo waliongoza kampeni ya "La" dhidi ya Katiba mpya kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu cha utoaji mimba, wakashindwa vibaya, washirika waliwasikiliza kwa heshima, wakaenda kupiga kura ya "Ndiyo." Leo Katiba hiyo ndiyo tunayoikimbilia polisi wakichukua watoto wetu. Sauti ya nabii kumbe inaweza kupotea bila mtu kuinunua.

Kwenye mzunguko wetu wa makanisa tumekubaliana mambo ambayo hayahitaji askofu mkuu wala sheria ya Bunge. Mgeni yeyote anaketi penye nafasi. Hakuna kochi, la mchungaji pia limeondolewa, na hapo ndipo palipoleta kelele nyingi kuliko hata kwa wanasiasa. Wazee wawili walisema tunawadhalilisha watumishi. Sadaka inatiwa kapuni kama ya watu wote, bila kutajwa. Anayetaka kuongea na wananchi atawakuta nje ibada ikiisha, kivuli kipo. Watoto hawaondolewi kwenye benchi zao kwa ajili ya mtu yeyote.

Matokeo? Wageni wakubwa wamepungua sana. Mmoja alikuja akaketi kati ya muuza nyanya na fundi baiskeli, akakaa mpaka mwisho wa mahubiri, marefu kweli siku hiyo, akaondoka bila kuomba neno. Sijui kama alibarikiwa. Mwingine aliona mpangilio akiwa mlangoni, akapokea simu ambayo sikuisikia ikilia, akarudi garini.

Ukweli mwingine lazima usemwe. Wachungaji wengi ninaofanya nao kazi hawana mshahara. Mtu anayelima ekari ya kukodi, anazika watu, anasuluhisha ndoa, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, si haki kumhukumu kwa bahasha ya elfu tano kwa sauti ile ile tunayomhukumia askofu mwenye walinzi. Ukiniuliza ni nani aliyemwacha peke yake mbele ya mheshimiwa, nitakuonyesha washirika wake na madhehebu yake kabla sijakuonyesha serikali.

Kura ni Agosti 10, 2027, na simu za Jumamosi usiku zimeshaanza. Juzi mchungaji mmoja alinipigia. Mbunge ameomba kuja kwake, na ametaja mabati. "Ndugu, wewe unaongea hivyo kwa sababu kwako hakuvuji," akaniambia, na ni kweli, kwangu hakuvuji. Sikuwa na mahubiri ya kumpa. Nimemwomba anitumie vipimo vya paa, na nimeandikia makanisa mengine ya mzunguko wetu kila moja liseme linaweza shiti ngapi. Mpaka leo asubuhi yamejibu manne. Mbunge anataka jibu lake kabla ya Ijumaa.