Kriketi: Sheria Iliyoandikwa na Desturi Isiyoandikwa

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, timu ya taifa ya Kenya iliifunga West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, katika mechi ya Kombe la Dunia la kriketi. Kenya ilipata mikimbio 166 (mikimbio ndiyo alama za mchezo huu), na West Indies, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikiogopwa kuliko timu zote duniani, ikaishia 93. Nahodha wa Kenya, Maurice Odumbe, aliwatoa wapigaji watatu huku akiruhusu mikimbio 15 tu na akatangazwa mchezaji bora wa siku. Wakenya na watu wa visiwa vya Karibi walikuwa wamekutana mbele ya Wahindi, na wote watatu waliwahi kutawaliwa na Waingereza. Uingereza yenyewe haikuwa na timu uwanjani, lakini kila kitu pale, kuanzia umbali kati ya wiketi mbili hadi namna mpigaji anavyohesabiwa kuwa ametoka, kilifuata sheria iliyotungwa London, sheria ambayo mpaka leo ni mali ya klabu moja ya huko.

Tukio kama hilo limekuwa likisomwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kwamba kriketi ni alama ya ukoloni uliokubalika moyoni: mtawala aliondoka na bendera yake akaacha mchezo wake, na waliotawaliwa wakaendelea kujipima kwa kipimo chake. Wengine husema kwamba uwanja wa kriketi ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mtawala na mtawaliwa walisimama chini ya sheria moja, na ambapo aliyedharauliwa aliweza kumshinda aliyemdharau mbele ya watu, kwa hesabu isiyobishaniwa. Naona kila upande una ukweli wake, ila zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinaizungumzia kanuni ya kriketi kana kwamba ni kitu kimoja. Kriketi ina sheria iliyoandikwa, na ina desturi isiyoandikwa inayoizunguka sheria hiyo, na historia ya ukoloni ilipita katika mambo hayo mawili kwa njia tofauti kabisa.

Sheria yenyewe haina siri. Timu mbili za wachezaji 11 hukutana, shilingi hurushwa, na anayeshinda huamua nani atangulie kupiga. Wiketi mbili, kila moja ikiwa na vijiti vitatu, husimamishwa kwa umbali wa yadi 22, yaani mita 20.12, mrushaji hurusha mipira sita inayohesabiwa kuwa ova moja, kisha mwenzake huanza kutoka upande wa pili, na zamu ya timu huisha wapigaji 10 wanapotoka au ova zilizopangwa zinapokwisha. Toleo la kwanza la sheria tulilonalo ni la mwaka 1744, wakati mabwana wa Kiingereza walipokuwa wakiwekeana fedha nyingi katika mechi hizo na hivyo wakahitaji maandishi ya kukata mabishano. Klabu ya Marylebone, inayojulikana zaidi kwa herufi MCC, iliundwa mwaka 1787, ikatoa toleo lake mwaka uliofuata, na haijaiachia kazi hiyo tangu hapo. Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, lilihamia Dubai mwaka 2005, lakini vifungu 42 vya sheria bado vinaandikwa Lord's, uwanja wa MCC ulioko London. Kriketi haiko peke yake katika hili, kwani hata katika soka vyama vinne vya Uingereza vina nusu ya kura katika bodi inayotunga sheria, na mashabiki wengi wa soka wa Afrika Mashariki hawajawahi kusumbuliwa na jambo hilo.

Kwamba Waingereza waliwagawia watawaliwa mchezo huu, kwa wema au kwa hila, ni simulizi isiyolingana na yaliyotokea India. Mabaharia wa Kampuni ya Mashariki ya India walicheza Cambay, bandari ya magharibi mwa India, mwaka 1721 kwa ajili ya kujipumzisha, na klabu zilizofuata zilikuwa za Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Ni Waparsi wa Bombay (Mumbai ya leo), jamii ya wafuasi wa dini ya Zoroasta yenye asili ya Uajemi, waliouchukua bila kukaribishwa, wakaunda klabu yao mwaka 1848. Miaka thelathini baadaye walikuwa wakipeleka malalamiko serikalini kwa sababu maofisa wa Kizungu, waliokuwa na uwanja wao wa klabu ambao mwenyeji hakuruhusiwa kukanyaga, walikuja kucheza polo katika sehemu ya wazi waliyobakiwa nayo wenyeji, na kwato za farasi zikaifukua ardhi hadi mpira usidunde sawasawa. Zawadi haigombaniwi hivyo. Waparsi walipeleka timu Uingereza mwaka 1886 na tena 1888, na mwaka 1890 wakaifunga mjini Bombay timu iliyotoka Uingereza.

Mtu ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri zaidi uwezo wa sheria na mpaka wake ni Palwankar Baloo. Alizaliwa katika tabaka lililohesabiwa kuwa haligusiki, akafanya kazi ya kutunza uwanja wa klabu ya Wazungu mjini Poona (Pune ya leo) na kuwarushia mipira wakati wa mazoezi. Wahindu wa tabaka la juu walipotaka kuwashinda Wazungu hao walimhitaji, kwa sababu hapakuwa na mrushaji aliyemkaribia kwa kuuzungusha mpira kwa mkono wa kushoto. Walipomchukua, waliushika mpira uleule alioushika yeye, jambo ambalo nje ya uwanja lingehesabiwa kuwa unajisi. Lakini wakati wa mapumziko yeye alipewa chai nje ya banda, katika kikombe cha udongo cha kutupwa, wakati wenzake wakinywa ndani katika vikombe vya kaure. Mwaka 1911 alikwenda Uingereza na timu ya India akawatoa wapigaji zaidi ya 100. Hata hivyo hakupewa unahodha wa timu ya Wahindu, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 1923 ndipo mdogo wake, Vithal, akaushika.

Hakuna kifungu cha sheria ya kriketi kilichosema lolote kuhusu tabaka la Baloo. Kwa sababu hiyo aliweza kucheza, na kwa sababu hiyohiyo sheria haikuweza kumsaidia alipotoka nje ya mstari wa mpaka. Anayeisifu sheria kwa usawa wake anasema kweli, lakini ni lazima aongeze kwamba usawa huo ulikuwa na mzingo unaopimika kwa hatua.

Jambo hilo lilijirudia Karibi. Sheria inataka kila timu iwe na nahodha na haisemi awe wa rangi gani, lakini timu ya West Indies iliongozwa na Weupe kwa desturi, hata pale nahodha alipokuwa mchezaji dhaifu kuliko wengi aliowaongoza. George Headley, mpigaji Mweusi aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa bora duniani, aliiongoza katika mechi moja tu mwaka 1948. Ilichukua kampeni kali ya magazeti ndipo Frank Worrell, Mweusi mwenzake, akateuliwa kuiongoza ziara nzima ya Australia ya mwaka 1960. Huko Uingereza kwenyewe, mabwana wasiolipwa na wachezaji waliolipwa walitofautishwa rasmi hadi mwaka 1962, kwa hiyo tusidhani kwamba ubaguzi huu ulibuniwa kwa ajili ya makoloni pekee. Ulisafirishwa kama ulivyokuwa nyumbani, na huko ulikofika ukaongezewa rangi na tabaka.

Linalonishughulisha zaidi ni lile linaloitwa roho ya kriketi, yaani imani kwamba kuna mambo ambayo sheria inayaruhusu lakini muungwana hayafanyi. Mfano unaojulikana ni wa Vinoo Mankad wa India, ambaye mwaka 1947 mjini Sydney aliiangusha wiketi, na hivyo kumtoa Bill Brown wa Australia, mpigaji aliyekuwa akisubiri upande wa mrushaji, baada ya kumwona akitoka nje ya mstari kabla ya mpira kurushwa. Sheria ilikuwa upande wa Mankad. Brown ndiye aliyekuwa akijiibia hatua mbele, lakini kwa miongo kadhaa jina lililogeuzwa kuwa kitendo cha aibu ni la Mhindi aliyeifuata sheria. Mwaka 2000 MCC ikaongeza utangulizi kuhusu roho ya mchezo, na Septemba 2022, pale pale Lord's, Deepti Sharma wa India alipomtoa Charlie Dean wa Uingereza kwa njia hiyo, lawama zilizuka upya.

Hoja ya kuitetea roho hiyo si dhaifu. Hakuna mchezo unaoweza kuishi kwa vifungu peke yake, na wako waliotoka nje ya Uingereza walioiheshimu kuliko Waingereza. Katika Kombe la Dunia la 1987, mjini Lahore, Courtney Walsh wa Jamaika alikuwa na nafasi ya kumtoa mpigaji wa mwisho wa Pakistan kwa njia hiyohiyo na kuishindia West Indies mechi. Akasimama, akamwonya, akarudi kurusha upya. Pakistan ikashinda na West Indies haikufika nusu fainali. Nauheshimu uamuzi wake kwa dhati. Lakini Walsh alichagua mwenyewe, na kuchagua uungwana ni tofauti na kuhukumiwa kwa kipimo ambacho hakikuandikwa popote, na ambacho kinafahamika vizuri tu kwa aliyelelewa ndani ya nyumba ile. Sheria iliyoandikwa inaweza kusomwa na mtoto wa Poona au wa Nairobi, akaishika, na kumshinda nayo aliyeiandika. Desturi isiyoandikwa humwacha mgeni akiwa mgeni hata baada ya kushinda. Ndiyo maana naiona hatua ya MCC ya mwaka 2022, ya kukihamisha kitendo hicho kutoka kifungu cha mchezo usio wa haki na kukiweka katika kifungu cha kutolewa kwa mbio, kuwa kubwa kuliko ilivyoonekana.

Hata sheria iliyoandikwa, hata hivyo, ina mwandishi, na waliotilia shaka uadilifu wake wana mfano wanaourudia. West Indies haikupoteza msururu wowote wa mechi za Test, yaani mechi ndefu za kimataifa za hadi siku tano, tangu mwaka 1980 hadi 1995, ikitegemea warushaji wanne wenye kasi ya kutisha. Na mwaka 1991 mipira inayodunda na kumwelekea mpigaji kichwani ikawekewa kikomo cha mmoja kwa kila mpigaji katika ova moja. Wengi Karibi waliona kwamba walifungwa mikono kwa sababu walikuwa wakishinda. Upande wa pili hujibu kwamba Waingereza nao waliwahi kubanwa: walipowarushia Waaustralia mipira ya mwilini katika ziara ya 1932 hadi 1933, MCC yenyewe ilipiga marufuku mbinu hiyo baadaye. Jibu hilo lina uzito, na usalama wa wapigaji haukuwa kisingizio tu. Bado kuna tofauti ambayo siwezi kuipuuza. Australia ilipolalamika, ilikuwa na kiti mezani tangu mwaka 1909, ICC ilipoanzishwa kama Baraza la Kifalme pamoja na Uingereza na Afrika Kusini, na hadi mwaka 1993 Uingereza na Australia zilikuwa na kura ya turufu. Watu wa Karibi walikuwa na kura iliyoweza kufutwa.

Wapo waliokwepa tatizo lote kwa kuiandika sheria upya. Katika visiwa vya Trobriand, vilivyo Papua New Guinea, wamishonari waliuleta mchezo mwanzoni mwa karne ya 20 ili uchukue nafasi ya vita, na wenyeji wakaongeza idadi ya wachezaji kadiri walivyopenda, wakatia ngoma na nyimbo, na kuufanya kuwa wao kabisa. Ni ushindi wa aina yake, ila bei yake ni kwamba mchezo huo hauwezi kumkutanisha Mtrobriand na timu ya nje.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo ulikuja na walowezi na maofisa, ukakuzwa zaidi na Wahindi waliohamia, na timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la kwanza la Dunia mwaka 1975 bila kushinda mechi hata moja. Rwanda, ambayo haikuwahi kutawaliwa na Uingereza, iliupata hasa kupitia waliorejea kutoka Uganda na kwingineko baada ya 1994, kama Waafghani walivyoupata katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Mwaka 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliifunga West Indies katika Kombe la Dunia la umri huo. Ukoloni, basi, unaeleza mwanzo wa njia, lakini sehemu kubwa ya njia ilitembewa na watu waliokuwa na sababu zao.

Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 chini ya Steve Tikolo, ikisaidiwa na New Zealand kukataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, lakini pia ikiifunga Sri Lanka kihalali, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano. Haikupewa uanachama kamili wa ICC, na mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Migogoro ya uongozi na migomo ya wachezaji ilichangia sana, na itakuwa si haki kuibebesha London lawama hizo. Wala London si kitovu tena, kwani katika mgawo wa mapato uliopitishwa mwaka 2023, India peke yake inachukua zaidi ya theluthi moja. Aliyekuwa mtawaliwa sasa ndiye anayekata keki. Wanachama kamili ni 12, na kila mmoja ana mjumbe wake katika bodi ya ICC. Nchi washirika, ambazo ni zaidi ya 90 na miongoni mwao zimo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, zinagawana viti vitatu.