Spika haijapasuka jamani, ni fazi

Naomba niseme hili mara moja afu niendelee na chai yangu: spika haijapasuka. Haijapasuka leo, haikupasuka juzi, na hata ile ya kwenye harusi ya mwezi wa pili ambayo fundi mitambo aliivua wavu na kuimulika tochi mbele ya wageni waalikwa, nayo ilikuwa nzima. Ule mlio kama mtu anaburuta bati kwenye lami unaitwa fazi, na ni wangu. Nimeununua kwa hela yangu, laki na ishirini taslimu, Kariakoo, risiti ninayo.

Mi napiga besi. Kama hujui mpiga besi ni nani, ni yule jamaa anayesimama pembeni ya dramu ambaye kwenye picha za harusi anatokea kiwiko tu. Miaka kumi na moja nimesimama hapo, du du, du du, watu wanapanda jukwaani wanamtunza mpiga solo hela mpaka zinamdondoka kwenye kola, mimi wakinifuata ujue wanauliza choo kiko upande gani.

Sasa kuna rafiki yangu dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia, siku moja akaniletea flashi ina miziki ya kule ya miaka ya 1970, ile roki yao wanayoiita Zamrock, bendi kama WITCH na wanamuziki kama Paul Ngozi. Aisee. Magitaa yanalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, afu chini yake ngoma inatembea vizuri tu kama hakuna kilichotokea. Sikulala. Nikasema huu mlio nautaka, lakini nautaka kwenye besi, tuone kama na hapo wataniuliza choo.

Ndo nikanunua pedali, kile kiboksi unachokikanyaga kwa mguu kinabadili mlio wa gitaa, kopi ya Kichina ya Big Muff, ile ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York iliyotoka mwaka 1969. Og yenyewe mfuko wangu haukuruhusu hata kuitazama kwa muda mrefu. Ina nobu tatu tu: volyumu, toni, na sasteini, ile ya kuzidisha mkwaruzo. Nikajiambia nobu tatu ni kitu gani bana, jiko langu la gesi lina mbili na nalimudu vizuri tu. Kumbe jiko ukikosea unaunguza maharage, hii ukikosea unaunguza ndoa za watu.

Siku ya kwanza chumbani nilizungusha zote mpaka mwisho. Nikapiga noti ya E ya chini, ule uzi mnene kabisa, sufuria kwenye kabati zikaitikia. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza, nilijiona nina urefu wa futi saba. Dakika tano haziishi bibi jirani anagonga mlango. "Baba Neema, redio yako imeingia maji?" Nikamwambia sio redio bibi, ni gitaa. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Basi pole mwanangu," na jioni akatuletea mihogo.

Nikaenda nayo mazoezini kwa mbwembwe. Tukaanza wimbo, tukafika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze, nikaikanyaga, na besi ikapotea. Sio kwamba ilipungua, yaani ilihama nchi. Mpiga dramu akageuka kuangalia kama nimetoka nje kujisaidia. Kitu kilichotikisa sufuria nyumbani, hapa kwenye bendi kilikuwa kinasikika kwa mbali kama mbu aliyeko chumba cha pili.

Ikabidi nisome, nikaulizia, nikamaliza bando mbili. Kumbe hizi Big Muff mzunguko wake wa toni unachimba sauti za kati. Sauti nzito chini inabaki, kelele za juu zinabaki, pale katikati kunabaki shimo, kama andazi lililofura vizuri ukiling'ata tumbo tupu. Ukiwa peke yako chumbani huoni shida maana hakuna anayekushindania nafasi, lakini kwenye bendi hapo katikati ndo wanapoishi watu wote, solo, rithimu, mwimbaji, kinanda, na we ndo umehama kwa hiari yako. Afu uzi wangu wa chini unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, vile vispika vidogo vya mazoezini havijui hata kama namba hiyo ipo. Kwahiyo chini sisikiki, katikati sipo, juu nakwaruza. Laki na ishirini hiyo.

Na sasteini nayo usiipandishe kama mimi. Fazi inachofanya ni kukata vichwa vya mawimbi ya sauti, kila wimbi linapanda linakutana na kinyozi ananyoa flati. Ukizidisha, wote wananyolewa sawa, aliyepiga kwa nguvu na aliyepapasa wanatoka wanafanana, ule mdundo wa kidole unaofanya besi iitwe besi unabaki chini ya kiti cha kinyozi. Basi nikaishusha mpaka robo. Toni nikaivuta mbele kidogo ipite nusu, kwenye amplifaya nikaongeza sauti za kati, volyumu nikaiweka ili nikikanyaga nisipotee na nisimtoe mtu roho. Mambo yakaanza kuwa mambo. Wenye hela wananunua za besi kabisa zenye nobu ya blendi, inachanganya sauti safi na chafu, ile safi inashika chini na chafu inapiga kelele juu yake. Yangu haina. Ya kwangu ni uchafu mtupu, kama ulivyoniona.

Afu kuna habari ya umeme. Adapta nyingi za nyumbani chanya iko katikati, pedali nyingi zinataka hasi katikati, na hicho kialama chenyewe kimechorwa kidogo kama kimeandikwa na sisimizi. Nilishaishika adapta ya king'amuzi mkononi, Mungu akanizuia, nikasoma: volti 12. Pedali inataka 9. Nikahamia betri, ile ya mraba. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiacha waya wa gitaa umechomekwa kwenye pedali basi inakula betri usiku kucha hata kama taa imezimwa. Nimezika betri tatu kabla sijaelewa. Jamaa mwingine mjuaji akaniambia ningechukua fazi ya transista (vile vidude vya ndani vinavyokuza sauti) za jemaniamu, sauti tamu kuliko za silikoni, ila akasema jemaniamu haipendi joto, jua likizidi inabadilika mlio. Sasa kaka, Dar, mwezi wa pili, ndani ya ukumbi una mapazia ya satini na feni mbovu mbili, unaniuzia kitu kisichopenda joto?

Hiyo harusi ya mwezi wa pili ndo iliyonivunja moyo. Tumefika kwenye chemko, nimejipanga, nakanyaga, inalia vile nilivyoiota. Sijamaliza raundi mbili fundi mitambo huyo anakimbia na waya mpya, ananichomoa katikati ya wimbo, ananichomeka. Mlio uleule. Akarudi na waya wa pili. Mlio uleule. Akaenda kuvua wavu wa spika. MC akadaka maiki, "Tunaomba radhi, kuna hitilafu ndogo ya mitambo." Hitilafu ndogo ndo mimi huyo, na suti nimeazima.

Tulipopumzika nikamfuata nikamwelewesha kwa upole. Nikamwambia ndugu yangu, huu mlio ni kweli ulianza kwa ubovu, huko Nashville, Marekani, wanarekodi wimbo wa mwimbaji wa kantri Marty Robbins uliotoka 1961, chaneli moja ya miksa ikaharibika, gitaa likatoka linakwaruza, wakalisikiliza, wakaamua kuliacha hivyohivyo. Yule fundi wao, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuuweka ule ubovu kwenye kiboksi, na kampuni ya magitaa ya Gibson wakakiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Na Grady Martin aliyekuwa anapiga siku hiyo hakushika solo, alishika besi la nyuzi sita. Besi! Fundi mitambo akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaniambia, "Kwahiyo hata wao walishindwa kuitengeneza."

Sikuwa na la kujibu.

Sasa wiki mbili zilizopita jeki ya pedali, lile tundu la kuchomeka waya, ikaanza kulegea. Nikaipeleka kwa fundi redio wa mtaani, nikamwambia maneno matatu, jeki inacheza, kaza. Nikaondoka. Jioni narudi nakuta ananisubiri anatabasamu kama amenipatia kiwanja. "Bosi, hii ilikuwa mbovu kuliko ulivyodhani. Nimekuta diodi mbili zinakula sauti, nimezitoa." Nikamuuliza umezitoa umepeleka wapi. "Nimemfungia mteja mwingine." Afu ananidai elfu kumi, yaani kaniibia vyombo na mi ndo namlipa mshahara.

Hizo diodi mbili, msomaji, ndo vinyozi wenyewe. Zilikuwa nne, amefukuza wawili. Nikaenda mazoezini nimevimba, nikachomeka ili niwaonyeshe wenzangu unyama niliotendewa, nikapiga. Volyumu imepanda, sauti imefunguka, kidole kikigonga unasikia kimegonga, bado inakwaruza lakini chini yake kuna mtu mzima amesimama. Mpiga solo akageuka. Miaka kumi na moja hajawahi kugeuka. "Umebadilisha pedali?" Nikamjibu nimefanya marekebisho. Kwa yule fundi sipiti tena, nazungukia njia ya sokoni, maana najua ataniuliza na mi uongo sijauzoea.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi nyingine, ukumbi umejaa, chemko likawaka, nikakanyaga. Kwa jicho la pembeni namuona mama mmoja wa makamo, kitenge cha sare, kilemba kama meli, anakata ukumbi anakuja jukwaani na noti ya elfu tano ameinyoosha juu. Nikajua anaenda kwa solo. Akampita solo! Akampita mwimbaji! Moyo unanidunda kuliko dramu. Akafika kwangu, akanibandika ile noti kwenye paji la uso, watu wanapiga vigelegele, akanivuta sikio taratibu akaninong'oneza:

"Mwanangu, ni kidogo lakini anzia hiyo. Wengine nao watachangia mnunue spika nyingine."