HiAce, Sprinter na usukani wa upande gani: gari la mzigo wa haraka Lubumbashi

Sanduku lilikuwa na kimo cha mita 1.40. Ndani yake mlikuwa na pampu ya mgodi mmoja wa upande wa Kolwezi, na watu wa mgodi walikuwa wameshapiga simu mara tatu tangu asubuhi. HiAce ilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa depo, kule Kampemba, mlango wake wa nyuma umeinuliwa juu kama mdomo wa kiboko. Forklifti ikaja polepole, mlingoti wake ukagota kwenye ule mlango. Wakateremsha sanduku, wakajaribu kulisukuma kwa mabega, ndipo ikajulikana kwamba haliingii hata likibembelezwa: HiAce ya paa la kawaida ina mita 1.32 hivi kutoka sakafuni hadi darini. Ikabidi mbao za juu zing'olewe, pampu isafiri uchi, imeviringishwa turubai. Gari lililopaswa kuondoka saa saba mchana likatoka saa kumi. Sentimita nane zilikula saa tatu.

Mwenye depo akasema palepale kwamba kazi hii inataka Sprinter, ile ya Mercedes. Fundi aliyekuwa amechuchumaa kwenye gari jingine akacheka bila kugeuka: "Patro, Sprinter ni muzuri siku yenye inatembea."

Mabishano ya mjini kuhusu gari la mzigo wa haraka yamo yote humo, kati ya zile sentimita nane na kicheko cha fundi. Kila upande una haki yake, lakini naona wote wawili huanza kubishana mahali pasipo penyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita kama 120, ukipita Fungurume ukafika Kolwezi unakuwa umekata karibu 300. Njia nzima ni migodi na viwanda vyake. Mkanda wa kusafirishia mawe ukikatika, au pampu ikifa, saa za kusimama zinahesabiwa kwa pesa nyingi kuliko bei ya kipuri chenyewe. Kipuri huteremka na ndege pale Luano, au huja na lori kutoka Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Lori kubwa linangoja lijae. Mgodi haungoji. Hapo ndipo anapoitwa mwenye gari dogo lililofungwa, apakie kitu kimoja na kuondoka saa hiyohiyo.

Marekani kazi hii ni biashara iliyokomaa. Dereva analala ndani ya gari akingoja simu, analipwa kwa maili, na wenye kazi hiyo hubishana kuhusu Sprinter, Ford Transit na Ram ProMaster: paa la nani ni refu, sakafu ya nani iko chini. ProMaster inavutwa na magurudumu ya mbele, ndiyo maana sakafu yake imeshuka na kupakia ni rahisi. Ni mabishano mazuri, ila yanasimama juu ya vitu vitatu ambavyo hawavitaji kwa kuwa kwao vipo siku zote: lami, duka la vipuri lililo wazi, na usukani ulio upande unaolingana na barabara. Kwetu vitu hivyo vitatu ndivyo swali lenyewe.

Tuanze na Sprinter, maana wanaoisifu hawasemi uongo. Ile ya kizazi cha 2006 hadi 2018, ndefu na yenye paa refu, ina ujazo wa mita za ujazo kama 14. Mtu anasimama ndani. Kati ya matuta ya magurudumu kuna mita 1.35, kwa hiyo paleti ya mita 1.20 inaingia kwa upande wowote. Milango ya nyuma ni miwili, inafunguka kwa pembeni, na forklifti haina cha kugonga. Ikitoka Ulaya huwa na usukani wa kushoto, kama barabara zetu zinavyotaka. Ukitoka Kolwezi usiku ukafika Lubumbashi alfajiri, mgongo utakuambia tofauti: kwenye HiAce injini iko chini ya kiti, na ule moto wake unasafiri nao njia nzima.

Lakini kuna jambo ambalo ukubwa wa sanduku unalificha. Sprinter ya tani tatu na nusu, ukiondoa uzito wake wenyewe, inabaki na nafasi ya tani moja na kidogo. HiAce nayo hubeba tani moja na kidogo. Kwa nje moja inaonekana nyumba na nyingine kibanda, ila kwa kilo ni ndugu. Na mzigo wa mgodi ni mdogo wa umbo na mzito wa ajabu: giaboksi yenye ukubwa wa friji ndogo inaweza kumaliza uzito wote unaoruhusiwa. Nafasi inayobaki tupu juu yake humtamanisha mwenye gari. Anaongeza boksi moja, la pili, "si nafasi ipo?" Baada ya miezi michache springi za nyuma zimelala, na anailaumu barabara ya Likasi.

Upande wa HiAce hoja ni moja tu, ila ni nzito: haifi peke yake njiani. Teksi-basi za mji huu zimejaa HiAce, kwa hiyo kila fundi wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko alivyofungua Biblia yake. Vipuri vinatoka pande tatu, Dubai, Dar es Salaam na Afrika Kusini, ambako gari hilohilo linaitwa Quantum na ndilo teksi ya watu wote. Tairi yake, 195 ya inchi 15, unaipata hata jioni ya Jumapili. Tairi ya Sprinter, 235/65 ya inchi 16, utaipata pia, lakini kwanza upige simu, halafu ungoje. Na neno "ungoje" kwenye kazi ya haraka ndilo linalomfanya mteja atafute namba ya mtu mwingine.

Shofere mmoja aliyenipeleka Likasi aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Yaya, mutu wa mine hawezi kukuuliza uko na motokari ya namna gani. Anakuulizaka tu: uko wapi saa hii?"

Kwa maneno yake naona swali la kwanza si gari linabeba nini. Ni hili: likikufia kilomita 40 kabla ya Fungurume saa mbili usiku, litachukua saa ngapi kutembea tena? Kwa HiAce jibu huhesabiwa kwa saa. Kwa Sprinter mara nyingi ni siku, na hapo nawapa fundi na shofere wangu ushindi.

Ushindi huo una doa, hata hivyo, na wapenzi wa HiAce hawapendi kulisikia. Wengi wananunua HiAce ya mazuti, yaani dizeli, ile yenye injini ya D4D ya lita 2.5 au 3.0, wakidhani wameikimbia mitambo ya Wajerumani. Hawajaikimbia. Injekta za D4D nazo zinafanya kazi kwa shinikizo kubwa sana na hazisamehe mazuti yenye maji. Ukinunua kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya njia, kwenye bidoo lililolala juani, unanunua pia siku ya kuharibika. Ile ya lita 3.0 ina ugonjwa unaojulikana: viziba vya injekta vikichoka, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio la chini linalovuta oili, na injini inakufa bila kelele nyingi. Ongeza mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kwa kilomita, wakati kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zimerudishwa nyuma na mtu usiyemjua.

Ndiyo maana mimi niko upande wa injini ya esanse, yaani petroli, ya lita 2.7. Ina mnyororo badala ya mkanda, na haina injekta za shinikizo la juu. Inakunywa, sikatai. Chukua hesabu ya mfano: kwenda na kurudi Kolwezi ni kilomita 600. Tuseme mazuti inakula lita 10 kwa kilomita 100, esanse lita 13. Tofauti ni lita 18 kwa safari moja, lita 180 ukienda mara kumi kwa mwezi. Si pesa ya kuchezea. Iweke kwenye mizani na seti ya injekta nne, pamoja na siku ambazo gari limelala garajini na mteja ameshampigia mwenzako.

Katika hesabu hiyohiyo, usisahau njia ya kurudi. Wengi wanapanga bei ya kwenda kana kwamba gari litarudi kwa upepo. Bei gawanya kwa kilomita 600, si 300. Ukibahatika kurudi na mzigo, mara nyingi itakuwa mota ya umeme iliyoungua, inaletwa Lubumbashi kusukwa upya: nzito, ndogo, inakaa vizuri kabisa kwenye HiAce.

Sasa usukani, jambo ambalo watu hulipitia haraka wakati wa kununua na kulijutia kila siku baada ya hapo. HiAce nyingi za bei nafuu zinatoka Japani, usukani uko kulia. Sisi tunaendesha kulia. Kaa nyuma ya lori la asidi kwenye barabara ya Likasi, na mbele yake kuna jingine la chokaa. Ili uone kama njia iko wazi, inabidi gari zima litoke nje ya mstari kabla jicho lako halijatoka. Kinachofanyika ni kwamba msaidizi aliyekaa kushoto ananyoosha shingo dirishani na kusema "Pita!" au "Bado!" Nimekaa kwenye kiti hicho. Nilisema "Pita" mara moja, kisha nikaona taa za gari lililotokea kwenye bonde, na tangu siku hiyo sitaki tena kazi ya kuwa macho ya mtu mwingine.

Na si kudepase, kulipita gari la mbele, peke yake. Kwenye peaji dirisha la kulipia liko kushoto, dereva yuko kulia, kwa hiyo lazima awepo wa kunyoosha mkono, au dereva ashuke akizomewa na malori. Mlango wa pembeni, ikiwa gari lina mmoja tu, uko kushoto, unafunguka upande magari yanapopita. Msaidizi anakula, analala na kulipwa. Ukijumlisha posho yake ya mwaka, ile bei nafuu ya Japani inaanza kuota ndevu. Anayekwenda Ndola au Kitwe kila wiki anaweza kunijibu kwamba ng'ambo ya Kasumbalesa wanaendesha kushoto, na hapo usukani wa kulia uko nyumbani. Sawa, ila wengi wetu mkate wetu uko upande wa Kolwezi.

Kwa hiyo gari ambalo ningelitafuta mimi ni HiAce iliyotoka nchi za Ghuba, ambako wanaendesha kulia kama sisi: usukani wa kushoto, esanse 2.7, paa refu. Paa refu linaziua zile sentimita nane za Kampemba. Mlango wa nyuma bado unainuka juu, kwa hiyo forklifti bado itahitaji dereva mwenye subira. Bei yake iko juu ya ile ya Japani, na nyingi zilikuwa zikibeba wafanyakazi kwenda na kurudi kambini, yaani zimetembea sana. Ukiikagua, inua zulia. Viti vilipong'olewa yalibaki matundu ya bolti sakafuni. Mvua ya Novemba ikianza, maji yanarushwa na tairi hadi ndani ya matundu hayo, na kutu inakula kimyakimya chini ya bati. Yazibe, lalia bati gumu juu, ndipo upakie. Na hakikisha karatasi zinalitaja kuwa gari la mizigo, maana askari wa barabarani ataanzia hapohapo. Hyundai H-1 ya Korea nayo ina usukani wa kushoto na si gari baya, ila vipuri vyake mjini ni vya kuulizia.

Je, Sprinter haina mahali? Inapo. Mwenye mkataba wa kudumu na mgodi mmoja, anayebeba vitu vyepesi vinavyojaza nafasi, kama vichujio, mabomba ya plastiki, nguo na kofia za kazi, akinunua HiAce atakuwa anasafirisha hewa kidogo kwa safari nyingi. Mtu huyo achukue Sprinter, na awe na gari la pili la kusimamia siku ile Sprinter inapolala. Mwenye gari moja tu, akiba ndogo na simu inayolia usiku, simshauri.

Wiki iliyopita nilikuta HiAce ya namna hiyo imeegeshwa Kasumbalesa, nyeupe, paa refu, vumbi la Tunduma bado liko kwenye vioo. Nikainua zulia: matundu kumi na mawili, mawili yameanza kutu. Mwenyewe alijua anauza nini, hakushuka hata dola hamsini. Nimemwachia namba yangu.