Kiingilio Bure Haifa, Lakini Nani Anapanga Ratiba?

Desemba ikiingia, vichochoro vya Wadi Nisnas mjini Haifa, Israel, havipitiki mwishoni mwa wiki. Huu ni mtaa wa Waarabu, Wakristo na Waislamu, chini ya mlima Karmeli, na tangu miaka ya 1990 ndio mwenyeji wa tamasha liitwalo Sikukuu ya Sikukuu, linalounganisha Hanuka ya Wayahudi, Krismasi na Ramadhani. Mwandalizi ni Beit HaGefen, kituo cha utamaduni cha Waarabu na Wayahudi kilichoanzishwa mwaka 1963. Kutembea mtaani hakuhitaji tiketi. Unasikiliza muziki, unatazama kazi za sanaa zilizobandikwa kwenye kuta za nyumba za watu, na nyingine hubaki palepale hata tamasha likiisha. Njaa ikikushika, falafeli ya moto iko mbele yako.

Wapo wanaoliona tamasha hili kuwa ushahidi kwamba watu hawa wanaweza kuishi pamoja, na wapo wanaoliona kuwa pazia la kufunika dhuluma. Mimi naliunga mkono, ila kwa masharti.

Kwanza tuutendee haki upande wa wanaolisifu. Waarabu ni karibu moja ya tano ya raia wa Israel, lakini watoto wengi wa Kiarabu na wa Kiyahudi husoma shule tofauti, na miji yenye mchanganyiko kama Haifa, Acre, Jaffa, Lod na Ramla inahesabika kwa vidole. Mtu anaweza kufika utu uzima akiwa amekutana na jirani wa upande wa pili hospitalini au kwenye kaunta ya duka la dawa tu, yaani mmoja akiwa kazini na mwingine akiwa mteja. Pahala pa kukutana bila kazi ni adimu, na bei ina uzito wake hapo. Onyesho la tiketi ghali huwachuja watu kwa mifuko kabla hata dini haijatajwa, na wenye familia kubwa ndio wanaoachwa nje. Tamasha la barabarani humruhusu baba kuja na watoto wote na bibi yao, wakae muda wapendao, waondoke bila kujuta fedha. Nao wafanyabiashara wa mtaa wanauza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini tazama watu wanaelekea wapi. Wayahudi wanashuka mlimani kuja kwa Waarabu kula, kupiga picha na kununua zeituni. Wadi Nisnas haipandi mlimani kwa wingi wa namna hiyo, na hakuna wikiendi ambayo mitaa ya juu ya Karmeli inageuzwa maonyesho ya maisha ya Kiyahudi kwa ajili ya macho ya Waarabu. Mwenyeji ni mmoja kila mwaka, na mara nyingi lugha ya kuongea na mgeni ni Kiebrania, kwa sababu Mwarabu anakijua na Myahudi wa kawaida hajui Kiarabu.

Mtaa wenyewe una historia isiyopigiwa ngoma. Kati ya mwishoni mwa 1947 na Aprili 1948, Haifa ilipotekwa na vikosi vya Wayahudi katika vita vya kuundwa kwa Israel, Waarabu wapatao 60,000 walikimbia au walifukuzwa. Elfu chache waliobaki wakakusanywa hasa hapa Wadi Nisnas. Umbali mfupi kutoka hapo, Wadi Salib, bado kuna nyumba za mawe za Waarabu walioondoka, ambazo milango na madirisha yake yamezibwa kwa matofali ya saruji. Mpalestina anayepita mbele ya nyumba hizo akienda kusikiliza nyimbo za kuishi pamoja ana haki ya kuuliza ni lini hadithi yake nayo itapewa jukwaa.

Utafiti nao haumpi ushindi mtu yeyote kirahisi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana na baraka za wenye mamlaka. Mwaka 2020 mtafiti Salma Mousa alichapisha jaribio la kaskazini mwa Iraq, ambako Wakristo waliohamishwa na vita walichanganywa na Waislamu katika timu za soka. Waliocheza pamoja waliheshimiana, na miezi kadhaa baadaye bado walifanya mazoezi pamoja. Lakini nje ya uwanja, kwa watu wasiowajua, mabadiliko yalikuwa madogo. Tena utafiti wa Tamar Saguy na wenzake wa mwaka 2009 uligundua kwamba Waarabu wa Israel wenye urafiki zaidi na Wayahudi hawakuuona sana ukosefu wa usawa, na msukumo wao wa kudai mabadiliko ukapungua. Hili la mwisho linaniuma zaidi, kwa kuwa lina maana kwamba tamasha tamu linaweza kumlaza anayepaswa kuwa macho.

Kisha kuna suala la nani analipa. Kitu cha bure kimelipiwa na mtu, na mlipaji ana mkono. Mwaka 2015, Haifa hiyohiyo inayojivunia kuishi pamoja ilisimamisha fedha za Al-Midan, ukumbi wa tamthilia wa Waarabu, kwa sababu ya mchezo kuhusu mfungwa wa Kipalestina, na wizara ya utamaduni chini ya Miri Regev ikafanya vivyo hivyo. Wasanii wa Khashabi, ukumbi mwingine wa Kipalestina mjini humo, wameamua kutopokea fedha za serikali kabisa. Siwalaumu.

Acre ilitoa somo lingine. Tamasha lake la tamthilia limekuwepo tangu 1980, na mji mkongwe, wenye wakazi ambao karibu wote ni Waarabu, unalitegemea kwa biashara. Oktoba 2008 ghasia zilizuka usiku wa Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi ambayo hawaendeshi magari, baada ya dereva Mwarabu kuingia na gari kwenye mtaa wenye Wayahudi wengi. Nyumba za Waarabu zilichomwa, na maduka ya Wayahudi yakavunjwa vioo. Meya akatangaza kwamba tamasha, lililobakiza siku chache, halitafanyika kwa wakati wake. Wachuuzi wa mji mkongwe, ambao hawakumrushia mtu jiwe, ndio waliokula hasara.

Tangu shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023 na vita vilivyofuata, kukiwa na familia zilizozika jamaa zao kusini mwa Israel na nyingine zenye ndugu Gaza chini ya mabomu, kuwaambia watu waje kucheza ngoma pamoja kunaweza kuwa ukatili. Ila kufunga kila mlango wa kukutana kunawaachia uwanja wenye bunduki peke yao, ndiyo maana sikubali matamasha haya yafutwe. Nataka yabadilishwe. Nusu ya kamati iwe Waarabu wenye kura ya kukataa ratiba. Kila bango na kila jukwaa litumie Kiarabu sawasawa na Kiebrania. Sehemu kubwa ya fedha ihame kutoka wikiendi za Desemba iende kwenye warsha za mwaka mzima, ambako kijana wa Wadi Nisnas na wa mitaa ya juu wanatengeneza onyesho moja kwa miezi, kama zile timu za Iraq. Na manispaa itie sahihi mapema kwamba ruzuku haitaondolewa kwa sababu ya maudhui, wala tamasha kuahirishwa kama adhabu kwa mtaa.

Haya yote yanaweza kufanyika bila kupandisha kiingilio hata senti.